Nani Alizikata Pembe Hizi?

Marpa alikuwa akikamua ng'ombe huku amenuna. Mikono ilifanya kazi yake, na uso ukafanya yake. Ng'ombe naye alichoka kuvutwa kwa hasira. Akapiga teke, ndoo ikapinduka.

"Hata wewe!" Marpa akamfokea. "Hata wewe uko upande wa Saikal!"

Masikini ng'ombe hakuwa upande wa mtu. Lakini ndivyo wivu ulivyo. Ukikuingia, unamwona adui hata zizini.

Marpa aliingia ndani na maziwa yaliyobaki. Mumewe, Turdubek, alikuwa ameketi kwenye zulia akingoja chai. Mkate ulikuwapo, malai yalikuwapo, na maandazi ya jana pia. Marpa akamimina chai. Akajaza bakuli mpaka ukingoni.

Turdubek akalitazama lile bakuli. Kwao, mgeni anayependwa humiminiwa chai kidogo kidogo, ili akae, aombe tena na tena. Anayejaziwa bakuli ameambiwa: kunywa, uende zako.

"Mke wangu," akasema, "unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Sikufukuzi wewe. Namfukuza dada yako."

"Dada yangu hayupo hapa."

"Kichwani mwangu yupo. Tangu jana hajatoka."

Turdubek akacheka. Lilikuwa kosa. Marpa akabwaga birika chini.

"Cheka! Jana karamuni pia ulicheka. Wifi yangu kawekwa upande wa heshima, mbali na mlango. Kapewa nyama ya nyonga. Mimi je? Nimekaa karibu na viatu. Nikapewa kifupa cha mguu wa mbele, kama bibi harusi wa juzi!"

"Nyama ni nyama, Marpa."

"Si nyama tu! Unajua kabisa si nyama tu."

Turdubek alijua. Katika karamu za huko, kila mfupa una mtu wake. Mfupa unaopewa ndio heshima yako, na watu wote wanaona. Na mwenye karamu alikuwa amesema kwa sauti, "Nyonga ni ya Saikal, fundi wetu wa makumbusho!" Watu wakaitikia. Kifupa kikamkwama Marpa kooni kabla hajakitia mdomoni.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Katika mji wao mdogo, nchi ya Wakirgizi, karibu na soko la mifugo, kuna makumbusho ya vyumba viwili. Ndani limetundikwa shirdaki, zulia zito la sufu lenye nakshi za umbo la pembe za kondoo. Saikal ndiye aliyelitoa. Chini yake kuna kibao, na kwenye kibao limeandikwa jina moja tu: S. Osmonova. Saikal.

Lakini shirdaki halitengenezwi na mtu mmoja. Kwanza unachukua vipande viwili vikubwa vya sufu iliyokanyagwa mpaka ikashikana, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Unavilaza kimoja juu ya kingine. Unachora pembe kwa chaki. Kisha mmoja anashika kisu na kukata vyote viwili kwa pamoja. Pembe nyekundu inaingia kwenye shimo la sufu nyeusi. Pembe nyeusi inaingia kwenye shimo la sufu nyekundu. Hakitupwi kitu. Hapo ndipo mshonaji anapoingia kazini na kuunganisha kila kipande kwa uzi. Mwisho wa kazi mnapata mazulia mawili, mapacha.

Aliyekata alikuwa Marpa. Aliyeshona alikuwa Saikal. Kila mmoja akachukua pacha wake. Pacha wa Saikal akaenda makumbusho akawa maarufu. Pacha wa Marpa alikuwa pale pale sakafuni, na Turdubek alikuwa amemkalia.

"Chema chajiuza," Turdubek akasema. "Wenye macho wanaujua mkono wako."

"Nani anaujua? Aliyenipa kile kifupa anaujua?"

Turdubek akanywa chai yake yote, akaenda kuangalia farasi.

Marpa akabaki akilitazama zulia. Roho ilimuuma. Akawaza: kama jina langu halipo pale, basi na lake lisiwepo. Akavaa kilemba chake cha kutokea. Akashika njia ya makumbusho. Alikusudia kukibandua kile kibao, akitie mfukoni, kisha akitupe mtoni. Jamani, mwanamke mwenye binti wa kuozwa!

Marpa alikuwa hajaingia makumbusho tangu alipokuwa msichana wa shule. Palikuwa na baridi ile ile, na harufu ile ile ya vumbi. Karibu na mlango alisimama mbwa mwitu aliyekaushwa, meno nje. Shirdaki lilikuwa chumba cha ndani, ukuta wa nyuma, lakini lilionekana tangu mlangoni. Marpa aliliona, moyo ukamruka. Hakujua kwamba lingependeza vile likisimama. Kisha akakiona kibao, moyo ukarudi palepale.

Wageni walikuwamo. Marpa akaketi kwenye benchi, akangoja watoke.

Wakaingia watoto wa shule. Wakamkimbilia mbwa mwitu. "Tazama meno! Aliuawa na nani? Alikula kondoo wangapi?" Wakamzunguka, wakapiga kelele. Mwalimu wao akawapitisha mbele ya shirdaki. Hakuna aliyegeuza shingo.

Wakaja mume na mke kutoka mji mkubwa. Mke akasimama.

"Hiki nini?"

"Zulia," mume akajibu.

"Kibao kinasemaje?"

Mume akainama, maana kibao kiliwekwa chini, usawa wa magoti. Akakaza macho. Maandishi yalikuwa madogo, na yalikuwa ya Kirusi cha ofisini.

"Kinasema ni zulia."

"Haya, twende tukamwone mbwa mwitu."

Marpa akajibana asicheke. Hawamtazami! Saikal na nyonga yake yote, hakuna anayemtazama! Furaha ikampanda mpaka masikioni.

Ila haikukaa. Mzee mmoja akapita bila kusimama. Wasichana wawili wakapita, wakapigana picha na mbwa mwitu. Marpa akaanza kukereka. Pembe zile ni za nani? Si zake? Aliinama juu ya sufu ile mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Na mtu anapita kama anapita mbele ya ukuta mtupu? Kijicho kikahama. Kikamtoka Saikal, kikamwangukia mbwa mwitu. Mnyama amekufa, kajazwa majani makavu, na bado ana wageni wengi kuliko yeye!

Chumba cha ndani kikaonekana kitupu. Marpa akainuka upesi. Akapiga goti mbele ya kibao, akakishika kwa kucha.

"Kimelegea, mama?"

Marpa akaruka. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana mwenye miwani.

"Kime... kimepinda," Marpa akasema. "Nakinyoosha."

"Usijisumbue. Hata kikianguka hakuna atakayejua. Mimi naitwa Kasiet. Ni mhifadhi mpya hapa, nimetoka Narin. Nimekaa kile kiti cha kona wiki nzima nikitazama watu. Wewe ndiye wa kwanza kupiga goti mbele ya zulia hili."

"Wiki nzima unatazama watu? Ndiyo kazi mliyosomea hiyo?"

Kasiet akacheka. "Ndiyo. Nisipotazama, nitajuaje kama tunasikika? Makumbusho inazungumza na wageni wake, mama. Inazungumza kwa kibao, kwa taa, kwa mahali ilipoweka kitu. Yetu hii inanong'ona, tena inanong'ona ukutani."

"Mbwa mwitu mbona anasikika?"

"Mbwa mwitu ana meno. Kila mtu anaelewa meno. Zulia halina meno. Asiyejua limetengenezwaje, haoni kitu cha kuona."

"Haoni kitu!" Marpa akawaka. "Haoni kitu? Njoo hapa. Njoo hapa, mwanangu! Unaiona pembe hii? Ni fupi kuliko nyingine. Unajua kwa nini? Nilikuwa na mimba ya binti yangu Aizirek. Nimeshika kisu, nakata sufu mbili kwa pamoja, naye akanipiga teke tumboni. Kisu kikateleza. Na pacha wa zulia hili, yuko nyumbani kwangu, ana shimo fupi vile vile. Kila nikifagia naliona. Unasema hakuna kitu?"

Aliposema, alionyesha. Alipoonyesha, sauti ilipanda. Wale mume na mke wa mjini walikuwa wakitoka. Wakarudi. Watoto wa shule wakasikia "kisu", wakamwacha mbwa mwitu.

"Shimo liko wapi?" mtoto mmoja akauliza.

"Kwangu nyumbani! Nimekwambia ni mapacha."

"Ulikata bila kupima?"

"Nilipima kwa jicho. Wewe mama yako akikata tambi anapima kwa rula?"

Watu wakacheka. Mke yule wa mjini akaomba aonyeshwe tena ile pembe fupi. Marpa akaonyesha. Akaonyesha na nyingine ambayo hakuombwa.

Walipoondoka, Kasiet alikuwa ameshika kidevu.

"Umeona, mama? Zulia ni lile lile. Ukuta ni ule ule. Umeongea tu, na wao wakauliza. Hivyo ndivyo makumbusho inavyotakiwa kuwa. Siyo mmoja anahutubia na wengine wanapita. Anasema, anaulizwa, anajibu."

"Mume wangu anasema chema chajiuza."

"Sokoni labda. Kitu kilichotundikwa ukutani hakina mdomo. Lazima sisi tumpe mgeni pa kuanzia. Tumwambie nani alikitengeneza, na kwa nini, na atazame wapi. Kibao hiki kinasema sufu, urefu, upana. Mgeni hakuuliza urefu."

Marpa akakohoa. Sasa maneno yalikuwa yamefika penyewe.

"Na jina," akasema. "Kibao kina jina la uongo. Niliyekata ni mimi."

"Na huyu S. Osmonova ni nani?"

"Wifi yangu. Yeye alishona tu pembeni."

Alishona tu! Mwenye kulijua shirdaki angelisikia neno hilo angetikisa kichwa. Bila mshono, shirdaki ni rundo la vipande. Marpa alilijua hilo vizuri. Ulimi ukalisema hivyo hivyo, na ukaona raha.

"Vizuri," Kasiet akasema. "Tutaandika kibao kipya. Lete na pacha wake, tuwaweke pamoja. Ila kesho nitamwita na wifi yako."

"Wa nini? Nimekwisha kukwambia."

"Umeniambia upande wako. Kibao hiki kiliharibika kwa sababu waliuliza mtu mmoja tu. Mimi nikifanya vile vile, nitaharibu cha pili."

Marpa alirudi nyumbani na miguu miepesi. Njiani ikaanza kuwa mizito. Alipomsimulia Turdubek, mumewe hakucheka safari hii.

"Ulisema alishona tu pembeni?"

"Nilisema."

"Mbele ya mtu asiyemjua?"

"Na yeye kaandikwa peke yake mbele ya watu wasionijua mimi!"

"Marpa," Turdubek akasema polepole, "yule ni dada yangu. Aizirek alipozaliwa wewe hoi, nani alikaa hapa mpaka ukasimama?"

Marpa akageukia jiko, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

Kesho yake Turdubek alibeba zulia begani, Marpa akafuata. Saikal alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyopinda kwa sindano. Leo hakuwa mkimya.

"Aa, fundi mkuu kaja!" akasema. "Karibu, karibu. Mimi ni yule mshona pembeni."

Marpa akamtupia jicho Kasiet. Kasiet akasema, "Nimemweleza ulivyosema wewe. Sifichi maneno ya mtu, maana yataandikwa ukutani."

"Basi na wewe ueleze!" Marpa akamgeukia wifi yake. "Eleza jinsi ulivyokula nyonga ya watu! Eleza jina langu lilikwenda wapi!"

"Walikuja watu wawili wa makumbusho na gari. Wakauliza, zulia hili la nani? Nikasema langu. Si langu? Ulichukua lako, nikachukua langu. Wakaandika. Kumbe wameandika mimi ndiye fundi."

"Na ulipokiona kibao?"

Saikal akajitia kufuta miwani yake.

"Wifi. Ulipokiona kibao?"

"Nilikiona siku ile ile," Saikal akasema. "Nilikisoma. Nikajua ni makosa. Nikanyamaza."

Marpa alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa muda mrefu. Akafungua mdomo amshindilie. Saikal akamkata.

"Ngoja. Nitukane nikimaliza. Tangu ulipoolewa kwetu, mama yangu alikuwa na wimbo mmoja. Mgeni akija, anatandika zulia, anasema: tazameni mkono wa Marpa. Sherehe ikija: huu ni mkono wa Marpa. Mimi binti yake nimekaa pale pale, vidole vimetoboka. Mshono wote ni wangu, na mama kafa hajasema hata mara moja, mkono wa Saikal. Nilikuonea wivu, Marpa. Nilikuonea wivu mpaka chakula kikawa kichungu. Siku nilipokiona kile kibao, nikasema, acha. Acha na mimi niwe fundi, hata kama ni kwa makosa ya karani."

 Turdubek alilishusha zulia chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Marpa alikuwa na matusi tayari, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ameonewa wivu, naye hakujua! Nitasema kweli, kwanza lilimpendeza kidogo. Halafu likamwuma. Akakumbuka mama mkwe akilitandika zulia, na Saikal akimimina chai kwa wageni, kainamisha kichwa.

"Ungeniambia," akasema.

"Na wewe ungeniambia, badala ya kuniambia kwa mhifadhi."

"Haya, haya," Turdubek akasema. "Mmoja mwizi, mwingine mchongezi. Mmelingana. Tutundike zulia."

Walitundika mapacha hao bega kwa bega. Zulia jeusi lenye pembe nyekundu, na zulia jekundu lenye pembe nyeusi. Kasiet akachukua karatasi.

"Kibao hatukipeleki kwa mchongaji leo," akasema. "Kwanza tunakijaribu kwenye karatasi. Tunampa mtu asome. Akikwama, tunabadilisha. Baba, wewe utasoma."

Turdubek akarudi nyuma. Aliacha shule mapema akachunge kondoo, na hakupenda kusoma mbele ya watu.

"Mtafute mwingine. Mimi nasoma kama farasi kilema."

"Ndiyo sababu nakutaka wewe. Ukikwama, kosa ni langu niliyeandika, si lako unayesoma."

Turdubek akaivaa miwani ya Saikal. Akasoma. "Zulia hili la asili la... jamii ya wa... wafugaji linadhihirisha u... umahiri wa..." Akatoa miwani. "Binti, hii sentensi haina pa kupumzika?"

"Nimeshindwa," Kasiet akasema, akafuta yote. "Niambieni basi. Wewe ukiwa mgeni, ungetaka kujua nini?"

"Mimi?" Turdubek akafikiri. "Ningetaka kujua kwa nini siku ile ya kuchora hawa walinifukuza nje."

"Kwa sababu ulikuwa unakanyaga chaki!" wanawake wote wawili wakasema kwa pamoja.

Kisha wakatazamana. Walikuwa hawajasema kitu kwa pamoja siku nyingi.

"Hilo tutaliandika," Kasiet akasema.

"Usiandike!" Turdubek akapaza sauti, lakini alikuwa amechelewa.

Waliandika, wakafuta, wakaandika. Palikuwa na ubishi. Marpa alitaka jina lake litangulie. Saikal alitaka mshono uelezwe kwa maneno mengi kama kisu. Kila neno lililoongezwa kwa mmoja, mwingine alilipima kwa macho, mfano wa watoto wanaogawiwa asali. Kasiet aliwaachia wabishane, ila maneno marefu aliyakata. Turdubek alisoma kila mara. Mwishowe alisoma mpaka mwisho bila kukwama, akashangaa mwenyewe. Kibao kilisema hivi, kwa Kikirgizi kwanza, na Kirusi chini yake:

*Nani alizikata pembe hizi?*

*Mazulia haya ni mapacha. Wanawake wawili waliyatengeneza, Marpa na wifi yake Saikal.*

*Walilaza sufu nyekundu juu ya sufu nyeusi. Walichora kwa chaki. Walimfukuza mwanamume nje ili asiikanyage chaki.*

*Marpa alikata sufu zote mbili kwa pamoja. Saikal alishona kila kipande mahali pake. Bila kisu hakuna pembe. Bila uzi hakuna zulia.*

*Tafuta pembe fupi. Kisha tafuta, kwenye zulia pacha, shimo ilimotoka.*

Kibao kiliwekwa usawa wa macho, kwa herufi kubwa. Chini, usawa wa watoto, Kasiet alifunga kipande kimoja cha sufu kwa kamba. "Mazulia msiyaguse, mikono inayachafua na kuyachakaza," aliwaambia wageni. "Hiki gusa unavyotaka. Vuta, nusa." Na kila siku ya soko, Marpa na Saikal walikuja, wakatandika sufu sakafuni, wakafanya kazi mbele ya watu. Aliyetaka kuuliza aliuliza.

Siku ya soko ya kwanza, chumba kilijaa. Watoto walinyoosha vidole, "Ile! Hapana, ile!" Mzee mmoja aliipata pembe fupi, akatembea kifua mbele. Wanawake kutoka bonde la pili waligusa kile kipande, wakaanza kubishana juu ya rangi. Kasiet alikuwa kwenye kiti chake cha kona, akitazama wapi watu wanasimama. Mbwa mwitu alikuwa na mgeni mmoja tu, naye alikuwa akifunga kiatu.

Marpa alishika kisu. Watu wakamzunguka. Alikata pembe moja kwa mkupuo mmoja, wakashangilia. Raha iliyoje! Akakata ya pili. Alipoinua kichwa, watu walikuwa wamepungua.

Walikuwa wamehamia kwa Saikal. Saikal alikuwa akisokota nyuzi mbili, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kuzilaza ubavu kwa ubavu juu ya maungio. Vidole vyake vilivyopinda havikukosea. Uzi ulitoka umejipanga safi, maungio yasionekane tena. Watu walikuwa wamenyamaza kabisa, wanatazama tu.

Kijicho kikamchoma Marpa palepale, kifuani. Msidhani kiliondoka kwa sababu ya kibao. Wivu hauondoki kwa kibao. Akataka kukata pembe ya tatu, tena kwa kelele.

Bibi mmoja aliyekuwa bado upande wake akainama. Akapitisha kidole hewani, juu ya ukingo wa zulia la ukutani, bila kuligusa.

"Kazi hii ya ukingoni," akasema. "Sijaona safi kama hii tangu nizaliwe. Ni yako, binti yangu?"

Saikal alikuwa karibu. Alisikia. Hakuinua macho, lakini sindano ilisimama.

Marpa alimtazama wifi yake. Neno lilikuwa zito, na halikuwa la kisu wala la pembe. Mtu aliyestahili kulisema alikuwa amekufa, na hakulisema.

"Hapana, bibi," akasema, kwa sauti ya kufika chumba cha pili. "Tazameni nyote. Huu ni mkono wa Saikal."

Saikal akainamisha kichwa zaidi. Akajaribu kuingiza uzi kwenye sindano, akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Marpa akaweka kisu chini, akasogea, akamshikia uzi mpaka ukapita.